Meza ya Watu Wanane

Tarehe 4 Machi

Kwako dada,

Salamu zangu zikufikie wewe na shemeji, na zikiwakuta mnakula, zikae pembeni zisubiri. Mimi ni mzima. Kile kikohozi kilichonisindikiza mpaka stendi kiliniacha wiki ya pili, nadhani kiliona baridi ya huku haikifai. Kabla simu haijakatika siku ile nilisikia shemeji amepata gari jipya la kufundishia udereva. Mpe hongera. Mwambie mwanafunzi awe na breki moja, yeye mwenyewe awe nazo mbili.

Kazi ndiyo ileile niliyokueleza. Maji yanaingia machafu upande mmoja wa kituo, yanatoka safi upande wa pili, na mimi niko katikati napima. Kila baada ya saa mbili nachota kichupa, natia matone ya dawa, nalinganisha rangi, naandika kitabuni. Pampu mbili zinafanya kazi, ya tatu inapumzika. Nyumba za wafanyakazi ziko kumi kwenye mstari mmoja, ukuta kwa ukuta, zote zina mlango wa kijani. Wangu ni mlango wa nne. Majirani wapo, watu wazuri.

Sasa lililonikalisha kuandika. Lile boksi la viatu lenye kadi zetu za mchezo wa vita, zile za picha za askari, wanyama na majoka, chini ya kitanda changu, naliomba. Hapa kazini tuko wanane. Jumamosi na Jumapili kituo kinashikwa na vibarua wa mjini, na sisi hatuna la kufanya ila kukaa nje kutazama tangi. Nimewaahidi wenzangu nitawatengenezea kapu la kadi, kapu moja la watu wote. Kadi za dukani hatuziwezi, na hata tungeziweza, mwenye pesa ndiye angeshinda kila siku. Kwenye kapu hakuna mwenye pesa. Zinakuwa kadi mia tatu na sitini, unazichanganya, kila mtu anapata vifungu vitatu vya kadi kumi na tano. Unafungua kifungu kimoja, unachagua kadi moja, zilizobaki unampa jirani wa kushoto, na wa kulia anakupa zake. Mnazungusha hivyo mpaka ziishe. Kisha kila mtu anapigana kwa zile alizochagua, na mkimaliza zote zinarudi kapuni.

Sharti langu ni moja tu: kadi yoyote inayozidi bei ya mkate haiingii. Majoka yabaki kwa matajiri. Nataka zile tulizokuwa tunazidharau, askari wa miguu, walinzi wa daraja, mbwa, wachota maji.

Halafu, chumba changu vipi? Dirisha bado linavuja upande wa kitanda? Likizo yangu ni Desemba, siku kumi na nne. Nauliza tu.

Mdogo wako wa mlango wa nne


Tarehe 27 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika imelowa kona moja, nikajua ni yako hata kabla sijasoma jina. Sisi hatujambo. Shemeji yako anasema mwanafunzi wa kwanza wa gari jipya amegonga geti la shule yenyewe ya udereva, na breki zote mbili zilikuwepo. Mama mkwe wangu tuko naye hapa, magoti yanamsumbua, amekuja kukaa kidogo karibu na hospitali. Mimi meno yananila. Wiki hii nimetengeneza seti tisa za meno ya bandia. Mzee mmoja amenirudishia yake, anasema yanacheka hata yeye akiwa amekasirika. Nimeyasaga mbele kidogo, sasa yanacheka akitaka mwenyewe.

Boksi nimelitoa. Nakutumia mia na ishirini za kwanza, nimezifunga kwa raba, usizikate kwa wembe kwa haraka zako. Majoka manne nimeyabakisha.

Lakini nikuambie ukweli, wewe ni mchezaji, si mpangaji wa kapu. Tangu ukiwa mdogo unapenda madude makubwa. Ukiachiwa kapu peke yako utalijaza majitu, na hao wenzako watakaa wanatazamana raundi sita wakisubiri nguvu za kuyaita mezani. Koo ni nne, Moto, Maji, Msitu na Chuma. Kila ukoo uwe na kadi themanini, na arobaini zinazobaki ziwe za kutumiwa na yeyote. Katika kila ukoo nusu ziwe nyepesi, za kutoka mapema. Kadi za kuua zisizidi kumi kwa ukoo, la sivyo hakuna kitakachokaa mezani kikaota mizizi. Na ukiwa na kadi nzuri ya bei rahisi, iweke mara mbili. Nani atakushitaki? Haba na haba hujaza kibaba.

Na mimi nina sharti langu. Kapu halipangwi kichwani, linapangwa mezani. Kila mkicheza niandikie nani kachagua nini, na baada ya nini. Nikijua kadi ipi inagombewa na ipi inazunguka meza nzima bila mtu wa kuitaka, nitajua nikutumie nini.

Kula vizuri. Nakujua, ukiwa na kadi mkononi chakula unakisahau.

Dada yako


Tarehe 19 Aprili

Dada mpendwa,

Natumai hamjambo nyote na magoti ya mama yamepata nafuu. Mwambie nampa pole, na kwamba ngazi za hapo kwenu hata sisi vijana zilitushinda. Huku kwetu ni mvua. Maji yanaingia yana rangi ya chai, natia dawa mara mbili ya kawaida, na vidole vyangu vinanuka klorini hata nikila chungwa.

Kadi zilifika Jumanne. Nilizimwaga kitandani, nikazitazama moja moja mpaka chai ikapoa. Yule askari wa Chuma uliyemchora masharubu bado anayo. Nilicheka peke yangu.

Hata ukinitumia zote zilizobaki nitapungukiwa sitini, kwa hiyo nazitengeneza mwenyewe. Katoni za dawa ya maji zinatupwa hapa kila wiki. Nakata kwa wembe na rula, naandika kwa wino maneno yaleyale ya kadi halisi, mnyama namchora ninavyoweza. Mwanzoni zilikuwa nene, mtu angezijua kwa kidole tu. Nikagundua katoni ina matabaka matatu, ukiilowesha kidogo unalibandua moja. Sasa nazivisha zote mifuko ya plastiki yenye mgongo mweusi, na hata mimi siwezi kukuambia ya katoni ni ipi.

Tumecheza meza ya kwanza Jumamosi, kwa zile zilizopo tu, vifungu vidogo. Nikutambulishie wenzangu kwa mzunguko, kuanzia kushoto kwangu. Fundi Mitambo, mtu wa maneno machache. Mpishi, mchoyo wa chumvi mpaka tunamtania. Mwenzangu wa Zamu, yule anayenipokea kazi jioni. Mama Maabara. Kipara, mlinzi. Mhasibu wa stoo, mwanamke mwepesi, anachagua kabla hujapepesa. Mwisho Dereva wa lori la dawa, ambaye ndiye wa kulia kwangu. Mhasibu alishinda kwa Moto, na wa pili naye alikuwa wa Moto. Nadhani Moto umezidi.

Ya chumba hukuniambia. Labda ulisahau.

Mdogo wako


Tarehe 8 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Samahani kwa ufupi, nina taya sita za plasta mezani zinakauka na zote zinanitazama. Shemeji yako anakusalimu. Mama mkwe yuko, anatembea mpaka jikoni sasa, na akifika jikoni anarekebisha kila kitu.

Moto umezidi kweli. Toa vimondo vinne na mbwa wawili wa jivu, ongeza walinzi wa Maji ninaokutumia humu, ni wa bei ya kutupa lakini wanazuia vizuri. Na hao waliobaki boksini nakutumia wote, mia na themanini. Sasa una kapu kamili, fanya kazi.

Nilipenda kuwasoma wenzako. Ila hukuniambia nani aligombana na nani. Meza ya watu wanane bila ugomvi sijapata kuiona. Unakumbuka mimi na wewe tulikuwa wawili tu, na bado uliwahi kutupa kadi zangu kwenye karo la vyombo.

Dirisha halivuji tena.

Dada yako


Tarehe 2 Juni

Dada mpendwa,

Salamu kwa wote, na kwa zile taya pia. Hapa mvua imeisha na rangi ya maji imetulia. Nimepata barua ya shukrani kutoka ofisini kwa kuandika kitabu cha vipimo bila kuruka hata saa moja. Wameikosea tarehe, lakini nimeibandika ukutani.

Kapu limekamilika. Mia tatu na sitini, hesabu yako yote, themanini kila ukoo. Tumecheza meza tano kamili. Ulisema nikuandikie nani kachagua nini, kwa hiyo nakutumia daftari zima. Kila meza ina kurasa zake, kila mtu ana mstari wake, kuanzia kadi ya kwanza mpaka ya arobaini na tano. Utaona Fundi Mitambo alivyohama kutoka Chuma kwenda Msitu katikati ya kifungu cha pili. Utaona Mama Maabara alivyokuwa anasubiri mganga wa Maji arudi baada ya kuzunguka meza, na alirudi. Mpishi meza ya nne alikuwa na majitu saba na hakuna hata moja lililotoka, ulisema kweli. Jumamosi hizi zinapita haraka, dada. Tunaanza baada ya chakula cha mchana na nikija kuinua kichwa jua limeshaondoka dirishani.

Ofisi wanataka tuandike siku za likizo mapema. Naweza kuandika ya Desemba? Nitakuja na kapu, tutacheza na shemeji. Kitanda changu ni kilekile, sihitaji kuandaliwa chochote.

Niambie chochote kuhusu daftari.

Mdogo wako


Tarehe 30 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Nimekaa na barua yako karibu miezi miwili, na kazi haikuwa sababu. Afya tunayo. Shemeji yako yuko, mama yuko, meno yapo. Nimeanza barua hii mara nne na mara zote nne nikaishia kwenye salamu.

Daftari nimelisoma lote. Mwanzo nilisoma kama mpangaji, nikiweka alama kwenye kadi zinazobaki mwisho. Nilipofika meza ya tatu nikaacha kalamu. Nikarudi mwanzo nikalisoma tena, safari hii kama dada yako.

Watu wanane, kadi arobaini na tano kila mmoja, meza tano. Hiyo ni mara elfu moja na mia nane mtu amenyoosha mkono akachagua kadi. Na katika mara zote hizo hakuna hata mmoja aliyemnyima mwenzake. Meza ya pili, Mhasibu anakusanya Msitu na kila mtu anajua, umeandika mwenyewe kwamba kila mtu alijua. Kipara yuko kulia kwake, amekwisha jaza Moto na Chuma, kifungu alichoshika hakina kitu cha kumsaidia. Mle ndani yumo Mama wa Mizizi, kadi bora ya Msitu. Mtu yeyote mwenye damu angemchukua akamkalia, ili tu Mhasibu asimpate. Kipara akachukua mbwa asiye na kazi naye, akampitisha Mama wa Mizizi. Mpishi, mchoyo wa chumvi, akampa Mwenzako wa Zamu jitu la Chuma kwa mkono wake. Na yule mganga wa Mama Maabara akazunguka mikono saba, akarudi kwake salama.

Mdogo wangu, watu hawako hivyo. Mimi siko hivyo. Nilikunyima kadi miaka kumi na moja, nyingine nilizikalia kabisa, na wewe hukuwahi kuninyima hata moja. Ulikuwa unaziacha zipite. Namjua mtu mmoja tu duniani anayecheza hivyo, na kwenye daftari lako nimemkuta mara nane. Penye wengi pana mengi. Kwako pana moja.

Na daftari lenyewe. Nani mwenye wenzake saba mezani anapata nafasi ya kuandika yote haya?

Sikukasirika. Nilikaa kwenye ngazi za nje na nikalia, kwa sababu nilifikiria zile Jumamosi unazosema zinapita haraka.

Sasa na mimi niseme langu, maana nimekuwa nikilizungusha mezani tangu Machi. Chumba chako hakipo. Mama mkwe analala humo. Kitanda tumekiuza tukaweka kirefu chenye vyuma vya kushikilia, na dirisha limezibwa kwa mbao. Sikukuambia kwa sababu najua utakachosema. Utasema hakuna neno. Kisha hutakuja Desemba, wala Desemba ya mwaka mwingine, na utaendelea kuniandikia kwamba uko mzima.

Niambie ukweli.

Dada yako


Tarehe 11 Septemba

Dada,

Nimepata barua yako. Niko mzima kweli, hilo si uongo. Shikamoo kwa mama.

Nilipofika huku tulikuwa wanane. Wiki ya tano wakaleta mtambo wa kuendesha pampu bila watu, na watu wakahamishwa kabla sijawazoea. Majina yote niliyokuandikia ni ya watu waliokuwepo. Barua ya kwanza nilikuandikia wakiwa wameshaondoka siku tatu. Nilitaka kulibadilisha hilo neno wanane, nikaona nitalibadilisha barua ijayo. Tumebaki mimi na Mwenzangu wa Zamu. Anakaa mlango wa tano, namsikia akikohoa ukutani. Tunakutana asubuhi na jioni, dakika kumi. Anasema pampu ya kwanza nzima, ya pili nzima, dawa ipo. Nasema haya. Hatujawahi kusema jingine.

Kucheza nacheza sakafuni. Nimeweka alama nane kwa chaki. Nakaa kwenye kila alama, nachagua, nahama. Kazi kubwa ni kusahau nilichokiona nilipokuwa mtu mwingine. Kila mmoja nampa sauti yake ili nisichanganye. Kuna siku nikiwa Mpishi nilitaka kumnyima Mwenzangu wa Zamu, nikakumbuka kwamba yule naye ni mimi, nikaona haya.

Kuhusu chumba, hakuna neno. Mama akae, magoti ni magoti. Desemba nadhani nitabaki huku. Kuna matangi ya kusafishwa.

Mdogo wako


Tarehe 25 Septemba

Mdogo wangu,

Sisi wazima, mama mzima, salamu zimeishia hapo.

Niliandika utasema hakuna neno, na umesema. Tarehe kumi na nne Desemba, saa tisa alasiri, shemeji yako atakuwa stendi na lile gari la kufundishia, lenye bango juu, huwezi kulikosa. Usiposhuka kwenye basi la kwanza atasubiri la pili. Usiposhuka la pili atalala garini, unamjua, huyo mtu akishasema atasubiri hata mvua haimwondoi. Utalala kwenye chumba changu cha kazi, godoro nimeshanunua. Taya hazisemi.

Matangi yasafishwe na wengine. Njoo na kapu.

Dada yako


Tarehe 20 Januari

Dada yangu,

Nilifika salama, basi lilichelewa saa tatu lakini lilifika. Ule mfuko wa nguo za joto nimeufungua, soksi zinanitosha. Mwambie shemeji kwamba njia nzima nilikuwa namtazama dereva wa basi miguuni kama alivyonifundisha, na sasa siwezi tena kusafiri kwa amani. Mama mwambie bado sijamsamehe. Siku mbili tu za kujifunza, na siku ya tatu alikuwa haangalii tena kadi zake, anaangalia macho yangu. Kila nilipoipenda kadi, aliichukua akaiweka chini ya goti lake bovu. Nilimuuliza, mama, hiyo ya Maji utaifanyia nini na wewe ni wa Chuma? Akasema, nitaitunza. Hukuwahi kucheka hivyo tangu tukiwa wadogo, au labda ulicheka na mimi sikuwepo.

Nilisema nitakuandikia ukweli, kwa hiyo huu hapa.

Jumamosi ya kwanza niliporudi nilipanga vifungu vyote nane kwenye alama zake. Nilikaa alama yangu nikachagua. Nikahamia kwa Fundi Mitambo nikachagua. Nilipokaa kwa Mpishi nikajaribu kucheza kama mama anavyocheza, sikuweza. Nikajaribu kucheza kama Mpishi wa zamani, naye sikumpata. Sauti yake haikutoka. Nilimaliza mzunguko mzima nikitafuta hata mmoja wao, hakuna aliyekuja. Ilikuwa ni kadi sakafuni na mimi nimekaa kwenye chaki. Dada, huko nyuma nilikuwa mpweke, lakini ule upweke ulikuwa na watu saba ndani. Nilipotoka kwenu niliwapoteza na hao. Nililia, na nakuambia wewe tu. Baadaye nilichukua kitambaa kilicholowa nikafuta alama zote.

Siku nne nilikuwa naenda kazini na kurudi. Ya tano, jioni, Mwenzangu wa Zamu alikuja kunipokea. Akatupa jicho kwenye pampu, akasema ya kwanza nzima, ya pili nzima. Badala ya kusema haya, nikamuuliza kama anajua mchezo wa kadi. Nilikuwa nimeujaribu huo mstari mchana mzima nikipima maji.

Akasema, "Mimi kadi sizijui."

Nikasema nitamfundisha. Alitia sahihi kitabuni, akafunga kalamu, akaenda kutazama mita za pampu. Nikachukua koti langu nikaenda nyumbani. Nilijua mambo yameishia hapo.

Jana alikuja saa kumi na moja, saa nzima kabla ya zamu yake, amebeba kigoda chake mwenyewe kwapani. Akakiweka chini karibu na meza ya vipimo. Ni mtu mkubwa kuliko nilivyodhani, au sijawahi kumwona akiwa amekaa.

"Ulisema unafundisha," akasema.

Nikasogeza vichupa, nikaleta kapu. Nilitoa vifungu sita, vitatu vyake na vitatu vyangu, nikamweleza koo nne. Alisikiliza vizuri, anauliza maswali ya maana, aliuliza kwa nini tusiweke kadi za kuua nyingi zaidi, nikamwambia dada yangu amekataza. Nikamuuliza, kwa kumtania tu, mbona miezi yote hii hakuwahi hata kubisha hodi kwangu, na sisi ni ukuta kwa ukuta.

Akaikunja kona ya mfuko wa kadi, akainyoosha tena.

"Nilitaka," akasema. "Nilikuja mpaka mlangoni mara mbili. Lakini kila Jumamosi nilikuwa nasikia una wageni. Wengi, wanaongea, wanataniana chumvi. Mmoja nikasikia kama anaitwa Mwenzangu wa Zamu, nikajua basi, umeshapata mwingine. Nikaona si vizuri mtu kuingia bila kualikwa."

Nilikuwa nimempa nafasi ya tatu kushoto kwangu, dada, Jumamosi zote zile. Nilimsemea, nikamchagulia kadi, nikamshindisha mara mbili. Na yeye alikuwa nyuma ya ukuta, amekaa kwenye kigoda hikihiki, ananisikiliza.

Nikachanganya kadi upya, nikamwambia aanze yeye.

Mdogo wako